Akech Bado Hajatoka

Kaloleni, Nairobi
Jumapili, 3 Machi 2024

Lorraine,

Huna haya wewe. Tangu tumzike Mama mwezi wa kumi na moja hujaleta uso wako hapa, na Garissa si ng'ambo. Basi linaondoka Eastleigh asubuhi, mchana watu wameshafika, wameoga na wanakula. Krismasi tulikuwekea nyama. Ililala siku mbili nikampa jirani Opicho. Nikikupigia simu unasema mtandao ni mbaya, nikiongea habari ya mvua mtandao unapona. Sasa nimemwita Muthoki wa mlango wa pili. Alipiga taipu ofisi za halmashauri mpaka akastaafu. Nimemwambia andika ninavyosema, usinirembeshee. Simu unaweza kuikata. Hii utaisoma mpaka mwisho.

Mimi sijambo. Goti la kushoto linaniambia mvua siku mbili kabla haijanyesha. Baba yako mdogo Sylvance amemaliza kuezeka nyumba yake kule Njiru, na mkewe Nabiswa amenitengea chumba chenye dirisha kubwa, anasema nihamie hata kesho. Kale katoto kao, Mitchelle, kameota meno mawili na kananiuma nayo.

Sasa sikiliza. Nakaa hapa namkumbuka mama mkwe wangu Akech. Wewe ulimjua akiwa nyanya mzee, Dani Mkubwa wa mkongojo, miwani imefungwa kwa uzi. Mimi nilimkuta na nguvu zake, anabeba gunia la samaki kutoka stesheni mpaka soko la Burma huku anatukana watu njiani wampishe. Alifika nyumba hii mwaka wa arobaini na tisa. Mumewe, fundi wa injini za reli, akamwonyesha vyumba viwili na bomba la nje, akijivuna. Mama akatazama, akauliza, "Na wageni watalala wapi?" Humu alizaa saba, akazika watatu. Wanawake wa laini hii yote ya nyumba walizaa mikononi mwake, na aliyepiga kelele sana alizabwa kofi. Wakati wa Hali ya Hatari, askari wakipita nyumba kwa nyumba kusomba Wakikuyu, alimfunga mgongoni binti wa jirani, mtoto wa miaka minne, akamfunika shuka, akasema ni wake na ana surua. Askari alipomuuliza mtoto jina, mtoto akajibu kwa Kijaluo, maana Mama alikuwa amemfundisha jibu hilo wiki nzima. Yule mwanamke mnene aliyelia kuliko sisi mazishini ndiye huyo mtoto.

Miaka tisini na sita. Mtu wa namna hiyo haondoki kimya, hilo nilijua. Lakini jambo lenyewe ni hili: hajaondoka.

Muthoki ameweka kalamu chini. Haya, ameichukua.

Ilianza Januari. Natoka sokoni saa kumi za mchana, jua kali, naweka mkono kwenye kufuli nifungue mlango wangu, na mtu aliye ndani anagonga. Mara tatu, polepole, kwa mkongojo. Na mkongojo tulimzika nao. Nafungua, hakuna mtu. Siku ya kwanza nikasema panya. Siku ya pili nikasema panya. Siku ya tatu nikajiuliza ni panya gani anayengoja mpaka nishike kufuli. Halafu wiki jana muuza makaa akanisimamisha kule uwanjani. Anamjua Mama tangu zamani, lakini alikuwa kwao mwaka mzima, hajasikia msiba. Akaniambia bibi leo amenuna, nimempungia mkono pale dirishani hakujibu. Sikumwambia kitu. Angeangusha gunia.

Wajua desturi yetu. Mtu akifa mbali na nyumbani anaitwa pale pale alipokatia roho, anaambiwa twende, ndipo anafuata mwili wake. Asipoitwa hapo anabaki. Na sisi tulimwita. Odero, mwanawe wa mwisho aliyebaki, alienda hospitali, akasimama kando ya kitanda ulichotuonyesha, akasema, Mama, twende nyumbani. Sasa amebaki kwa nini, tena hapa?

Wewe ndiye ulikuwa naye. Mimi nilikuwa Njiru kumwona mtoto. Ulituambia alikushika mkono kwenye kile kitanda, akasema amechoka, akafumba macho. Maneno hayo nimekuwa nikiyanywa kama dawa. Nieleze tena siku ile, tangu asubuhi, nani alikuwa wapi.

Mimi Dani yako na mke mwenzako,
Benta
(Hicho ni kidole changu. Wino ni wa Muthoki.)


Garissa
28 Machi 2024

Kwako Dani mpendwa,

Barua yako nimeipata mkononi mwa kondakta, imekunjamana lakini nzima. Pole kwa goti. Msalimie Mama Muthoki, na kale kenye meno.

Mimi ni mzima. Joto la huku ni la kukausha nguo ukiwa umezivaa. Pale zahanati nimepewa maabara peke yangu, na vipimo vya malaria haviishi. Saado, mwenye nyumba wangu, ni mama mkarimu. Huu ni mwezi wa Ramadhani, na kila jioni ananiletea sambusa ingawa mimi sifungi, kisha anasimama mlangoni mpaka aone nimekula. Ungempenda. Mngegombana, lakini ungempenda.

Dani, nyumba zile ni za tangu wakoloni. Mlango wa mbao ukipigwa na jua unapanuka, na mbao zikiachana zinagonga. Muuza makaa naye ni mzee, na pale dirishani kuna pazia lenye maua. Mtu akitaka kuona sura ataiona. Nadhani unakaa peke yako mno. Hamia Njiru. Chumba kipo na mtoto yupo.

Siku ile nilishaieleza. Alishikwa na kifua, Opicho akatupeleka kwa gari lake, akalazwa, akatuacha. Alinishika mkono. Sina la kuongeza, na kila nikielezea upya siku hiyo yangu yote inaharibika.

Nimeomba likizo ya Pasaka, haikupatikana. Nimekutumia shuka la Kisomali, jekundu, la kujifunika magoti.

Na kile kiti chake, kitoe. Mpe mtu anayekihitaji. Kama ni kizito kwako, basi kigeuze tu kitazame ukuta.

Ni mimi mjukuu wako,
Lorraine


Kaloleni
Jumapili, 14 Aprili 2024

Lorraine,

Shuka nimelipata, ni zuri, Muthoki ameshaliomba mara mbili na hapewi. Mvua imetushika. Mtaro wa nyuma umefurika na vyura wamehamia bafuni. Sylvance alikuja Jumatano na pikapu kunihamisha, bila kuniuliza, na vijana wawili wa kubeba. Niliwapa chai nikawarudisha na pikapu yao tupu. Amenuna. Atanunua mkate aje, namjua.

Sasa kiti. Mimi sikutaja kiti. Muthoki huweka nakala kwa kaboni, tabia za ofisi hazimwachi, na amenisomea barua yangu yote tena, pole pole. Kuna mlango, kuna dirisha, kuna kitanda cha hospitali. Kiti hakuna. Wewe umekitoa wapi?

Nilifanya ulivyosema, nikataka kumpa Opicho. Nilimwita aje akichukue, kiti kizuri cha mvule, mto wake mzima. Alisimama mlangoni na kofia mkononi. Akasema, "Mama Benta, kile kiti mimi sikibebi tena." Nikamuuliza alikibeba lini mara ya kwanza. Akatazama viatu vyake, akasema muulize mjukuu wako, akaenda. Mtu ambaye humtoi hapa bila vikombe viwili vya chai, akaenda.

Nami nikakumbuka jambo ambalo nilikuwa nimelikalia. Tulipokuwa tunampeleka Mama kwetu Ugenya kumzika, kila daraja Odero alikuwa anamwambia, Mama, tunavuka. Tulipofika mto Nzoia, vijana waliposhusha jeneza kupanga vitu garini, mmoja akasema mbona jepesi, wakacheka, wakasema mzee amekauka. Mimi nilimwogesha yule mwanamke miaka miwili. Mifupa yake ilikuwa mizito kama reli. Sikucheka, na sikusema.

Unaniambia nihamie Njiru. Nikiondoka na kufunga nyumba hii, nitakuwa nimemfungia nani? Na nyumba ya kaunti haikai tupu. Nikitoka tu ataingia mtu mwingine na watoto wake, wabaki na mkwe wangu asiyejua wao ni nani, akiwagongea. Siwezi. Nataka kuzeeka nikiwa na yule mtoto mapajani, sikufichi, nataka sana. Lakini sitoki humu kabla yake.

Na mimi siwezi kumtoa. Mimi ni mke wa mwanawe. Akiwa hai sikukalia kitanda chake hata siku moja, nitamwambiaje atoke nyumbani mwake akiwa amekufa? Odero yuko tayari kumwita tena, lakini ataita wapi, naye aliita alipoambiwa? Aliyeona roho ikikatika ndiye anayeonyesha mahali.

Nionyeshe mahali, Lorraine.

Dani yako,
Benta


Garissa
30 Mei 2024

Dani,

Barua yako ilikaa ofisi ya basi wiki nyingi. Barabara ilikatwa na maji hapa Madogo na watu walikuwa wakivushwa kwa mashua. Sasa magari yanapita. Natumaini vyura wamehama na goti limepoa.

Nakuambia mapema kwamba sitakuja, ili usipike.

Usimuulize Opicho kitu tena. Nilimwomba jambo moja akalitimiza, asisumbuliwe kwa hilo.

Unaniuliza mambo kwa barua kama vile barua ni yangu na wewe. Si yangu na wewe. Mama Muthoki ni mtu mzuri, alinifundisha kusoma saa nikiwa mtoto, lakini kila neno langu linapita mdomoni mwake kabla halijakufikia. Yako mambo ambayo siwezi kuyaandika yakasomwa na mtu wa nje. Hata wewe nisingependa uyasikie.

Naendelea na kazi. Ikifika saa kumi naangusha vichupa, kwa hivyo nimepanga vipimo vyote viwe vya asubuhi. Simu nimeitoa sauti. Usipige mara tatu mfululizo, tafadhali. Piga mara moja, nitaona.

Lorraine


Kaloleni
Jumapili, 9 Juni 2024

Lorraine,

Muthoki alisoma mpaka pale ulipomtaja, akavua miwani, akaifuta, akasema, "Ana haki." Alikasirika kwa muda wa chai moja. Halafu yeye mwenyewe ndiye aliyepata njia. Amesema yeye ni Mkamba, Kijaluo chake ni cha salamu na cha kununua samaki. Uandike kwa lugha yetu. Yeye atasoma herufi na mimi nitasikia maneno. Anasema ofisini alipiga taipu barua za Kifaransa miaka sita, na mpaka leo hajui zilisema nini.

Sylvance amekuja. Na mkate.

Kwa hapa, nimeacha kufunga mlango. Nikienda sokoni naurudisha tu. Tangu nianze hivyo hagongi. Lakini sasa ni kiti. Nimekigeuza kitazame ukuta, kama ulivyotaka, na mchana nikirudi kinatazama dirisha. Mara nne. Juzi niligusa mto wake. Una joto, Lorraine. Ni joto la mahali ambapo mtu ameinuka sasa hivi.

Na chuma cha dirisha. Hapa vumbi la makaa linakaa kila mahali, wajua tunavyopika. Vyuma vyote vya dirisha hilo vimeingia weusi isipokuwa kimoja, na hicho nacho si chote. Ni pale katikati, upana wa mkono mdogo. Pale pamesuguliwa panang'aa. Nilipapaka masizi kwa kidole changu, nikaenda kanisani, nikarudi. Panang'aa.

Siogopi. Ningekuwa mtu wa kuogopa nisingeishi na yule mama miaka hamsini na zaidi. Ila namwonea huruma. Anangoja mtu, na kila mtu anayepita dirishani si yule anayemngoja.

Andika.

Dani yako,
Benta


Garissa
6 Julai 2024

Kwa Mama Muthoki,

Kaa karibu na Dani wakati unasoma. Samahani kwa niliyoandika kukuhusu. Ukurasa wa pili ni wa Kijaluo. Soma kwa sauti kama ulivyoandikwa, usiruke hata kama umekosea, endelea tu mpaka chini. Watu wengine wasiwepo.

Kwa Dani,

Mimi ni mzima wa mwili. Saado anakusalimu, ameshona kitambaa cha mtoto, nimekiweka ndani ya bahasha.

Ukimaliza kusikia, kama hutataka kuniona tena, usijisumbue kujibu. Nitangoja mwezi mmoja, kisha nitajua.

Lorraine


Kaloleni
Jumapili, 21 Julai 2024

Lorraine, mtoto wangu,

Ulisema mwezi. Nimetumia wiki mbili, na hizo zenyewe ni kwa sababu siku tatu za kwanza nilikuwa na hasira, na Muthoki alikataa kuandika nilichokuwa nasema.

Salamu kwanza. Goti limelala tangu baridi ianze, sijui kwa nini. Mitchelle ametembea hatua nne, akakaa chini kwa kishindo, akajipigia makofi. Kitambaa cha Saado kimemtosha. Mwambie nimeshukuru, na mkono wake ni wa mtu asiye mvivu.

Sasa nikuambie ulivyosomwa, maana ukiniandikia jambo kubwa namna ile una haki ya kujua lilifikaje.

Muthoki aliketi kwenye kigoda karibu na mlango, mimi kitandani pangu. Ilikuwa saa tisa na nusu. Anasoma Kijaluo neno moja moja, kwa sauti ya ofisi, kama mtu anayehesabu sahani za kuazima, hajui amebeba nini. Kwa sauti hiyo nikasikia kwamba Jumamosi ile ulienda Mowlem kusukwa, kwa sababu Jumatatu ulikuwa unaripoti kazini na hukutaka kufika Garissa na kichwa cha matimutimu. Ulidhani kazi itachukua saa moja na nusu, ikachukua sita. Ulimfungia kwa nje asije akatoka akapotea. Simu ikalia mara tatu, msusi amekushika kichwa, ukasema moyoni Dani Mkubwa anataka chai, atangoja.

Muthoki alipofika hapo pa kufungia mlango, nyumba ilinyamaza. Sijui nieleze vipi. Mvua ya manyunyu ilikuwa ikinyesha na sikuisikia tena. Na kutoka chumba cha Mama mtu akakohoa, kile kikohozi cha mtu anayetaka mjue kwamba anasikiliza. Muthoki akainua macho, akaniuliza, "Kumbe una mgeni?" Nikamwambia, "Soma."

Akasoma. Kwamba ulirudi saa kumi, na kutoka njiani ukamwona ameketi dirishani anakutazama, mkono kwenye chuma. Ukampungia. Ukapunga tena, ukacheka, ukadhani amenuna. Halafu ukafungua kufuli. Kwamba alikuwa baridi, na Opicho ndiye aliyetoa vidole vyake kwenye chuma, kimoja kimoja. Kwamba alikataa kunyooka, mkambeba mpaka garini kwenye kiti chake, umemfunika shuka kama mgonjwa, na majirani wakakuambieni pole, mpelekeni haraka. Kwamba hospitalini hakulazwa popote. Walimtazama mara moja wakampeleka mochari. Na Odero alipokuuliza ni kitanda gani, ulimwonyesha cha kwanza ulichokiona, na Odero akasimama hapo akamwita mama yake juu ya godoro la mtu mwingine.

Hakukushika mkono. Hakusema amechoka.

Hilo ndilo lililoniuma zaidi, nikuambie ukweli. Hayo mengine nilikuwa nimeanza kuyanusa. Lakini lile la mkono nililitegemea, nikalilalia usiku, nikawaambia watu kanisani. Umeninyang'anya, na nilivunja chungu cha ugali kwa hasira hiyo. Sasa najua pia kwa nini ulinyoa zile nywele siku ya matanga, nywele mpya, watu wakasema tazameni mtoto anavyompenda nyanya yake. Ulikuwa unampenda. Hilo halijabadilika.

Na mimi sasa niseme langu. Muthoki, hili uliandike wazi.

Lile kufuli nililinunua mimi. Miaka miwili, tangu siku alipookotwa karibu na reli akimtafuta mumewe, nilimfungia kila nilipokwenda sokoni. Wewe hukubuni, ulinikuta nikifanya, na asubuhi ile nilipotoka kwenda Njiru mimi ndiye niliyekuachia ufunguo juu ya redio. Na alikuwa akigonga, Lorraine. Akiwa hai. Nikirudi, nikishika kufuli, alikuwa anagonga mara tatu kwa mkongojo kunijulisha kwamba amenisikia na kwamba amekasirika. Nami nilimwambia tulia, Mama, ni mimi. Ile siku ya kwanza aligonga, mwezi wa Januari, nilijua ni mlio gani. Nikasema panya. Nikakuandikia wewe barua baada ya barua nikuulize ulifanya nini, kwa sababu sikutaka kujiuliza mimi nilifanya nini.

Mwanamke aliyefungua mlango wake kwa kila mwenye uchungu wa uzazi katika laini hii, kwa kila mgeni wa kutoka nyumbani asiye na pa kulala. Sisi wawili tukamfungia. Tulimpenda na tukamfungia, na alikufa akiwa ameshika chuma cha dirisha akitazama njia. Basi. Nimelisema na halijaniua.

Usiniandikie tena habari ya kutotaka kukuona. Nani hataki kukuona? Ukisema hivyo mbele yangu nitakuzaba kofi, na mkono wangu bado ni mzima.

Nimemwambia Odero. Sikutafuta maneno mazuri, nilimwambia yote. Akatazama dirisha. Nilidhani atakulaani. Akaniuliza kama nadhani Mama atapenda kukaa mbele au nyuma, kwa sababu gari lake nyuma linarusha. Kwa hivyo yeye yuko tayari. Opicho pia nimemwita, akanywa vikombe vitatu, akalia kwenye cha pili. Sylvance atajua baadaye. Huyo akijua leo ataleta pikapu.

Mama akishafika kwao, nitafunga virago nihamie Njiru. Wala sitageuka nyuma.

Dani yako na mke mwenzako,
Benta

Muthoki alitaka kuweka kalamu, nimemwambia bado. Njoo Ijumaa ya tarehe mbili Agosti. Shuka Eastleigh, panda boda, usipitie kwa mtu, ufike kabla ya saa kumi. Mlango utakuwa umerudishwa tu. Odero atakuwa nje na gari, kiti cha mbele hakuna atakayekikalia. Utamweleza Mama mwenyewe, pale pale alipo, kwa mdomo wako, kisha utamwambia twende nyumbani. Mshike mkono anavyoshikwa mtu mzee, hata kama huoni unachoshika. Ngazi za mlangoni ni mbili na ya chini imemomonyoka, mwambie. Usimharakishe. Lakini hayo ni ya baadaye. Ukiingia tu utanikuta nimekaa, nami sitainuka. Usinisalimie, usinikumbatie, usinitazame. Msalimie yeye kwanza. Mwambie umechelewa, halafu ukae chini unyamaze, umwache akugombeze mpaka achoke.